Kosa Lisilo na Ufa

Vijana wangu wa karakana ya kalamu za mti, mliniaga Ijumaa kwa keki, blanketi la maua na hotuba ndefu ya mtu ambaye hakuwahi kunijua vizuri. Nilishukuru. Blanketi ni zito na mifupa yangu imelipenda. Lakini kabla sijavuka lango mmoja wenu alinifuata akaniambia, "Mathe, sasa kalamu ikilipuka kwa mashine tutauliza nani? Si utuandikie tu hizo vitu zote unajua." Nikacheka nikaenda zangu. Nilikaa nyumbani Kaloleni siku tisa bila la kufanya, sikio likitafuta mlio wa mota kila asubuhi saa mbili, na siku ya kumi nikanunua daftari.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alistahili kupandishwa badala yangu. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kile kile cha kwanza, fundi, mkaongeza "mathe" mlipoona mvi. Nitaandika makosa, maana ndiyo ninayoyajua. Na sababu nyingine siifichi: nimepakumbuka mahali pale mpaka naona aibu. Juzi nilipita kwa seremala wa vitanda, nikasikia harufu ya mvule uliopata joto, nikasimama katikati ya njia hadi mwenye mkokoteni akanipigia kelele, "Mathe, songa!" Nilisonga, lakini pua ilibaki.

Nilianza kazi nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sijui lolote. Karakana ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya Jogoo Road, mashine nne za kukereza, dirisha moja, na mzee mfupi aliyeitwa Fundi Eliud. Kabla ya hapo alikuwa reli, akichonga vielelezo vya mbao, vile vinavyozikwa mchangani ili chuma kilichoyeyuka kimiminwe mahali pake. Alikunywa chai bila sukari na aliongea na watu vivyo hivyo. Pembeni yake alikuwapo Njoroge, kijana wa umri wangu aliyenitangulia kwa miezi sita, na miezi hiyo sita aliitumia kunikumbusha kila siku kwamba yeye ni mkubwa wangu kazini.

Siku ya kwanza nikaona sakafu imejaa maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikawaza, hapa nitaonyesha adabu. Nikatwaa fagio. Fundi Eliud akaja akalichukua mkononi mwangu taratibu, akalitundika juu kabisa ya mlango.

"Nani amekuambia ufagie?"

"Hakuna, Fundi. Nimeona ni chafu."

"Hapa hatufagii mpaka kalamu ifike kwa mwenyewe. Ukifagia, umetupa dawa."

Sikumwelewa mpaka wiki ya tatu. Nitaeleza kazi kidogo kwa ajili ya yule atakayekuja baada yenu. Kipande cha mti kinatobolewa katikati kutoka ncha hadi ncha. Ndani ya tundu unagundisha bomba jembamba la shaba, na bomba hilo ndilo litakalobeba wino. Kisha kipande kinawekwa kwenye mashine kikazunguka, nawe unakisogezea patasi hadi kiwe chembamba na laini. Ni rahisi kusema. Wiki ya tatu nilikuwa nakereza mzeituni mkavu, patasi butu, na akili yangu iko kwa chakula cha mchana. Patasi ikang'ata. Kipande kikalia pa! na kibanzi cha ukubwa wa ukucha kikaruka sijui wapi. Kwenye mti pakabaki kidonda na shaba ikichungulia.

Nilidhani nimefukuzwa. Fundi Eliud alizima mashine yangu, akaniambia nipige magoti. Nikadhani ni maombi. Kumbe ni kutafuta kibanzi. Nilikitafuta kwenye maranda hadi alasiri, Njoroge akipita juu yangu na kuniuliza kama nimepotewa na sindano. Nilikipata kimekwama kwenye mguu wa mashine. Tulikipaka gundi, tukakirudisha mahali pake kama kilivyokuwa, tukakifunga kwa uzi, na kesho yake nikakereza tena kwa patasi iliyonolewa. Ufa haukuonekana. Kalamu ile ilinunuliwa kama zawadi ya mchungaji, na naamini ilitumika kuandika dhidi ya udanganyifu.

Tangu siku hiyo nilipenda kazi. Nilipenda kwamba kitu kinaweza kupasuka leo na kuwa kizima kesho.

Mengi mnayajua, lakini nayaandika. Ukitoboa, toa kekee mara kwa mara iteme unga wake. Ukiilazimisha, mti unapata joto ndani, na ufa hautokei leo, utatokea kesho kalamu ikiwa mfukoni mwa mtu. Bomba la shaba lisugue kwa msasa kabla ya gundi, maana shaba laini haishikani na kitu. Gundi ikikauka, gonga mti kwa ukucha ukisikiliza. Pakilia kama debe tupu, gundi haikufika, na ni afadhali ujue sasa kuliko baadaye. Kibanzi kikiruka na usikipate kabisa, usilie. Chonga mfereji mwembamba kuzunguka kalamu yote pale penye kidonda, ujaze unga wa mpingo uliochanganywa na gundi, na mnunuzi atakuuliza umelipataje pambo zuri hivyo. Mjibu kwamba ni siri ya kazi. Si uongo.

Na ukishindilia vile vyuma vya ncha mbili kupita kiasi mpaka kalamu ikakataa kurudisha ulimi wake wa wino ndani, izungushie mpira wa tyubu ya baiskeli, ugonge kwa fimbo ya chuma kutoka upande wa pili, polepole, kama unaamsha mgeni.

Makosa yote haya yana ufa. Unayaona kwa jicho au unayasikia kwa ukucha. Fundi Eliud aliyaita makosa ya heshima.

Kulikuwa na desturi nyingine pale, na hii sijui kama bado mnaifuata. Watu walizoea kutuletea miti ya kwao: mguu wa kitanda cha bibi, dawati la shule, mwiko wa mama. Walitaka ukumbusho wa kushika. Basi fundi yeyote akileta mti wa nyumbani kwao, haukerezi yeye. Anampa mwenzake. Njoroge alipoleta kigoda cha babu yake, nilikikereza mimi, naye akakaa nje kwenye jua mpaka nilipomaliza. Niliuliza sababu. Fundi Eliud akasema, "Mkono yenye kilio haisikii patasi." Nikaitikia, ndiyo, Fundi. Kuitikia nako ni kazi rahisi.

Sasa nifike kwa baba.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni, yule mtu wa behewa la mwisho anayepiga filimbi na kupunga bendera ya kijani ili dereva ajue watu wamepanda. Tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, na nilipokuwa mdogo niliamini treni inavutwa na ile bendera. Alipostaafu alirudisha kofia, taa na filimbi. Bendera ilibaki nyumbani na sisi hatukuuliza. Mti wa bendera hiyo ulikuwa wa mvule, mnene kuliko kidole gumba, na pale alipoushika kwa miaka yote palikuwa peusi, pametoka mng'ao, na pamebonyea kidogo mahali pa gumba.

Alikufa kwa mapafu mwaka wa pili baada ya kustaafu. Mama alimzika na kile kitambaa cha kijani, akaubakiza mti. Matanga yalipokwisha alikuja karakana kwa miguu kutoka Makongeni, mti ameufunga kwenye leso. Hakutaka kukaa.

"Rodah, nitengenezee kalamu na hii."

"Unataka kuandika nini, Mama?"

"Nani amesema kuandika? Nataka kitu ya kushika. Nikishika, nishike pale alikuwa anashika. Hapo peusi usiguse. Umesikia? Huo ndio mkono wake umebaki."

Nilisikia. Na jueni kwamba ilikuwa kazi inayowezekana kabisa. Ukitoboa mti ule, ukaweka bomba, unapunguza ncha mbili tu mpaka zikutane na vyuma, katikati unaiacha nene na nyeusi ilivyo. Kalamu inakuwa na tumbo, lakini mama hakuomba kalamu nyembamba.

Fundi Eliud alikuwa amekwenda kwao Maragoli kumzika ndugu yake. Njoroge aliuona mti mezani kwangu, akauelewa mara moja.

"Leta hapa. Mimi si nilikupea kiti ya guka yangu? Hii ni zamu yangu."

"Ni kazi ya dakika ishirini, Njoro."

"Dakika si shida, Rodah."

"Nitafanya mwenyewe."

Alinitazama, akainua mikono, akarudi kwa mashine yake. Hakunitania siku hiyo yote. Ilinipasa nijue hapo hapo kuna jambo.

Nilitoboa vizuri, tundu likaenda katikati kama uzi. Nikagundisha bomba, nikaliacha likauke. Nikaanza ncha ya kwanza, kisha ya pili. Ndipo patasi ilipogusa mwanzo tu wa pale peusi, kwa upana wa uzi, kwa sababu nilitaka mteremko wake uwe laini. Mti ulikuwa umeshapata joto. Ikatoka harufu ya baba.

Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa sijamnusa tangu alazwe, na hospitalini alinuka dawa na shuka za watu wengine. Sasa alikuwa amesimama hapo mashineni, baba wa safari, baba wa kupokelewa mlangoni. Nikasogeza patasi kidogo. Harufu ikazidi. Nikasema moyoni, kidogo tena, juu juu tu, chini bado ni peusi. Nikasogeza. Nilikuwa nalia lakini mkono ulikuwa imara kabisa, na hilo ndilo lililonidanganya, maana nilijiambia kwamba desturi ya Fundi Eliud ni ya watu wenye mikono dhaifu. Kila nilipokata, baba alikuja, na kila alipokuja alikwenda na maranda chini. Nilikata mpaka harufu ikaisha.

Nikazima mashine. Kwenye mashine palikuwa na mti wa mvule wa rangi ya asali, mwembamba, umenyooka, mzuri kuliko wote niliowahi kukereza. Miguuni mwangu palikuwa na vipindo vyeusi vya maranda, vyembamba kama ganda la kitunguu.

Nilifanya kile ambacho fundi hufanya asipojua la kufanya: nikamaliza kazi. Nikapiga msasa, nikapaka nta, nikashindilia vyuma. Haukuwapo ufa hata mmoja. Nikagonga kwa ukucha, ikalia vizuri.

Siku iliyofuata nilimpelekea mama. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaizungusha kwenye vidole, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaizungusha tena.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mkono yake iko wapi?"

Nilikuwa na muda wa kusema. Hakuna aliyenikimbiza. Nikasema, "Iko ndani, Mama. Ni polishi tu imeifunika."

Akanitazama kidogo. Kisha akafumba kiganja juu ya kalamu, akafumba na macho. "Asante, mwanangu. Mungu akubariki hiyo mikono." Nilirudi Kaloleni nimeiweka mikono hiyo mfukoni kama kitu cha wizi.

Kwa desturi yetu kalamu ilikuwa imefika kwa mwenyewe, hivyo ningeweza kufagia. Nilishika fagio mara tatu nikalirudisha juu ya mlango. Fundi Eliud aliporudi Jumatatu alikuta maranda yako pale pale. Hakusalimu. Aliinama, akaokota kipindo kimoja cheusi, akakitazama kwa mwanga.

"Hii ni mti ya nani?"

"Ya baba, Fundi."

"Na nani amekereza?"

Njoroge alianza kunoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa. Nikasema ni mimi. Nikamweleza yote, hata harufu. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya kreti, kile kipindo kiko kiganjani mwake. Nilisubiri aniambie dawa. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga kichwani: mfereji, gundi, nisage yale maranda, niyajaze kama pambo.

"Wacha gundi," akasema, kana kwamba alinisoma. "Mama yako ulimwambia?"

"Nilimwambia iko ndani."

Akakigeuza kile kipindo kiganjani. "Kukata, hilo ni kosa. Mimi pia ningekata, pengine. Lakini hiyo nyingine si ya karakana, Rodah. Hiyo sina dawa yake hapa. Enda umwambie kabla haijakauka."

Akachukua kopo tupu la kakao lililokuwa la misumari, akalimimina, akapiga magoti karibu nami. Tuliokota vipindo vyeusi kimoja kimoja kutoka kwenye vile vyeupe, yeye na umri wake, mpaka chai ikapoa. Akafunga kifuniko. "Siku unaenda kumwambia, beba hii."

Basi, hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatatu iliyofuata, kabla hata ya kuvaa aproni, akaniuliza, "Umeenda Makongeni?" Nilikuwa nakwenda Makongeni kila Jumapili baada ya kanisa, naye alijua, na nilijua anauliza nini. "Bado, Fundi." Akaitikia kwa kichwa, akawasha mashine yake. Aliniuliza hivyo kila Jumatatu kwa zaidi ya miaka mitatu. Hakuongeza neno, hakunipunguzia kazi, hakunisema kwa wengine. Katika miaka hiyo nikawa ndiye mtu wa kurekebisha makosa ya wote. Watu walileta kalamu zilizopasuka kutoka Dandora hadi mjini, nami nikazifufua. Njoroge alisema nikipewa maiti naweza kuitia gundi ikaamka. Na kopo lilikuwa juu ya rafu, nyuma ya msasa.

Kisha Fundi Eliud akarudi Maragoli kupumzika, na hakupumzika hata mwaka. Tulikwenda kumzika. Jumatatu iliyofuata nilivaa aproni yangu, nikasimama nikisubiri. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mashine zikawashwa. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya siku hiyo na nimefundisha wengi, lakini nawaambia ukweli, mpaka leo Jumatatu asubuhi natamani mtu yule aniulize, hata kama jibu langu ni bado.

Mama naye hakuwahi kuandika neno moja kwa ile kalamu. Aliifunga kwenye pindo la leso. Akiomba, aliishika. Akiwa na homa, aliishika. Akina mama wa kanisa walipomtembelea aliwapa nao waishike, "huyu ndiye Baba Rodah," nao waliishika kwa heshima, na mimi nilikwenda jikoni kutazama chai ambayo haikuhitaji kutazamwa.

Kilichonivunja ni binti yangu Nekesa. Alikuwa anakaribia mtihani wa darasa la nane nikaenda naye kumuaga bibi yake. Mama alifungua pindo, akamwekea kalamu kiganjani, akamfunga vidole. "Shika mkono ya babu yako. Usiogope, amekushika." Nekesa, mtoto wa kubishana na kila mtu, alifumba macho akanyamaza. Nilimwona mabega yake yakishuka kwa utulivu. Nikaona sasa uongo wangu umepata mjukuu.

Jumapili iliyofuata nilienda na kopo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akichagua mchele kwenye sinia. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kaloleni, yote yakanipotea nilipovuka barabara.

"Mama, mkono wa baba hauko kwa hiyo kalamu."

Vidole vyake viliendelea kuchagua mawe. Nikasema yote. Nikamwambia nilivyoanza na ncha, mti ulivyopata joto, harufu ilivyokuja, nilivyokata na kukata. Nikamwambia polishi haikufunika kitu.

Akafungua pindo la leso. Akaitoa kalamu, akaiweka juu ya mchele.

"Miaka hii yote nimekuwa nikishika nini?"

"Mti tu, Mama."

"Na Nekesa?"

"Mti tu."

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Majirani walipita, wakasalimia, akawajibu vizuri kwa majina, kisha akanigeukia. "Na mkono yenyewe iko wapi?"

Nikafungua kopo nikampa. Akaingiza vidole viwili kwa uangalifu, akatoa kipindo kimoja, akakinusa. Akatoa kingine. Akaliinua kopo zima akazamisha uso. Nilimtazama nikiomba, kwa kweli niliomba, nikimwambia Mungu hata kidogo tu, hata pumzi moja. Mama akainua uso.

"Inanuka kakao," akasema.

Nilichukua kopo nikanusa. Ilikuwa kakao, na kutu kidogo. Baba hakuwamo.

"Kwa hivyo ulimnusa wewe peke yako," mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ukammaliza."

"Nilimmaliza."

Hapo nililia, mwanamke mzima mlangoni, na mama hakuninyamazisha. Akarudi kwa mchele wake. Aliokota jiwe, akalitupa. Akaokota lingine. Nikafikiri hii ndiyo adhabu yangu, nitakaa hapa nikitazama mchele mpaka uishe, kisha atasema nirudi kwangu.

"Ilikuwa inanuka aje?" akauliza bila kuinua macho.

"Mama?"

"Wewe ndio wa mwisho kumnusa. Mimi sikuwa. Niambie."

Nikapangusa uso. Nikasema kulikuwa na mafuta ya taa. Akaitikia, ndiyo, taa zake za mkononi, zilikuwa zinavuja. Nikasema grisi. Akasema grisi alikuwa nayo hata siku ya harusi. Nikasema tumbaku, lakini ya zamani, kama ya kwenye koti. Vidole vyake vikasimama. "Alikuwa ameacha kabla hujazaliwa," akasema polepole. "Kumbe ilibaki." Nikaendelea. Nikasema na juu ya yote hayo, kwa nguvu kuliko yote, maganda ya chungwa.

Akainua uso. "Nini?"

"Chungwa, Mama. Ilikuwa kali mpaka nikadhani kuna mtu anamenya nyuma yangu."

"Babako hakuwa anakula machungwa. Alisema yanamchoma kifua."

"Mimi nasema nilivyonusa."

Mama akaliweka sinia chini. Alinitazama, lakini macho yalikuwa mbali, yanahesabu safari.

"Kila akitoka Mombasa nilikuwa nikimtuma machungwa ya stesheni ya Makindu. Nampea kikapu. Anarudi na machungwa nne. Tano. Ananiambia Mama Rodah, mvua imekataa huko, machungwa imepotea kabisa." Sauti ilianza kumtetemeka. "Mimi niliwaombea wale watu wa Makindu! Nilisimama kanisani, Rodah, mbele ya watu, nikaombea mashamba yao! Na mtu amekaa huko nyuma kwa behewa yake, peke yake, anamenya!"

Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, amejishika mbavu, leso imemwanguka mabegani, na machozi yanashuka vilevile. Aliokota kalamu kutoka kwenye mchele akainyooshea dari ya mabati kama anayemwonyesha mtu kosa lake.

"Kumbe ulikuwa unayamaliza njiani! Mwizi wewe!" Kisha akanigeukia, akanipiga nayo goti, si kwa nguvu. "Na wewe ni wake kabisa. Hata kumnyima mwingine kunusa."

Nilisema, "Nisamehe, Mama."

Akavuta pumzi, akajifuta uso kwa pindo la leso. Tulikuwa hatujapata habari mpya ya baba tangu siku tuliyomzika, na hatukuwa tumetarajia kupata nyingine.

"Endelea," akasema. "Nini ingine? Na usiruke kitu."